Shimo la Saba

Mkono wa Mcha ulikuwa umezama hadi begani ndani ya shimo la ukingo, shavu lake limelala topeni, Gharib alipomjia.

"Shikamoo, Mzee Mcha."

"Marahaba. Usikanyage hapo, utawatisha."

Akamtoa kambare mweusi mwenye sharubu, akamtia pakachani. Miaka thelathini alivua hivyo, bila ndoana wala wavu, katika kijito kinachoteremka kutoka vilima vya Kizimbani. Watu wa pwani walizoea kumcheka kwamba anakula tope. Tangu mchele uwe wa foleni, hawakumcheka tena.

Gharib, msimamizi wa kazi za bonde, alimweleza shida yake. Kesho kijito kingegeuzwa, maji yaende kwenye mpunga. "Tuoneshe mashimo yote, mzee wangu, watu wagaiwe samaki kabla hawajafa."

Mcha aliyajua mashimo saba. Akaonesha sita. La saba, chini ya mizizi ya mkuyu, alilinyamazia. Siku zote aliamini lina chemchemi yake, na kwamba humo wangebaki kambare wa mbegu.

Kesho yake watu waliokota samaki kwa makapu, vicheko vimejaa bondeni. Gharib alimwekea wanne wanono.

"Wape wengine," Mcha alisema. "Mimi nnao wangu."

Nyumbani, mkewe Mwanakheir, ambaye ndiyo kwanza ainuke kwenye homa, alikuwa keshateleka chungu.

"Wako wapi samaki, mume wangu? Mtaa mzima unanukia mchuzi."

"Wangu wamo chini ya mkuyu. Tuwaache wazaane kwanza."

Mwanakheir alichukua kisu. Alimenya muhogo, akautia katika maji yale yale, akaongeza chumvi. Mcha aliona haya, lakini akala.

Jua la kiangazi lilikuwa kali, naye alijizuia wiki mbili nzima asiende kuchungulia. Kisha siku moja Mwanakheir alishindwa kusimama, akaiswali adhuhuri ameketi. Mcha akachukua pakacha.

"Leo utakunywa supu," alimwambia.

Chini ya mkuyu hapakuwa na maji. Hapakuwa na chemchemi, wala haikupata kuwapo. Kambare huweza kutambaa nchi kavu akitafuta maji, na hawa walijaribu. Michirizi yao yote ilielekea kwenye mfereji mpya, na yote iliishia njiani, penye nzi.

"Mpumbavu wee," Mcha alijiambia kwa sauti. "Mpumbavu mkubwa."

Hata hivyo alilala kifudifudi, akaingiza mkono shimoni taratibu, kwa namna ya mtu asiyetaka kuwatisha. Kuta za shimo zilikuwa laini, zimesuguliwa na mkono wake mwenyewe. Vidole vilifika mwisho, vikagusa vumbi.

Alipoinua kichwa aliona moshi upande wa nyumbani. Mwanakheir alikuwa ameshawasha moto.