Medali ya Miaka Arobaini

Fundi Saa alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na mkewe ndiye aliyeuita ugonjwa: kukusanya sarafu na medali za kumbukumbu zenye miaka miwili iliyochongwa juu yake. Yenye mwaka mmoja hakuitaka hata ukimpa bure. Alitaka ile ya shirika la reli lililotimiza nusu karne, ile ya shule ya wauguzi, ile ya kampuni ya maji. Mwaka wa kuanza huku, mwaka wa sherehe kule, kistari katikati. Alizipanga kwenye kabati la droo nyembamba alilolitengeneza kwa mikono yake.

"Mwaka mmoja unakuambia kitu kilianza," alipenda kusema, kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa jichoni. "Kuanza, kila mtu anaanza. Kudumu ndiyo kazi."

"Na kufua soksi zako je?" mkewe alimjibu kutoka jikoni. "Hiyo si kazi?"

Mkewe alishona mashuka katika hospitali ya mji. Alikuwa na mikono myepesi, na ulimi mwepesi zaidi. Siku moja Fundi Saa alimrudishia muuzaji medali ya kiwanda cha sabuni, kwa kuwa aligundua kiwanda kilifungwa miezi minne kabla ya kutimiza ile miaka ishirini na mitano iliyoandikwa. "Inasema uongo," alisema. Mkewe alicheka mpaka akajishika mbavu. "Makubwa! Mwanamume mzima kugombana na chuma!"

Mwezi wa kumi na moja mkewe alianguka uani akianika nguo. Walimkimbiza kwenye hospitali ile ile, akalazwa juu ya shuka ambalo huenda alilishona mwenyewe, na siku ya tatu akafariki. Fundi Saa hakulia. Alipokea rambirambi, akamshukuru kila aliyekuja, akarudisha viti vya kuazima. Watu walisema amejikaza. Binti yao, mwalimu wa chekechea, hakusema hivyo. Alihamia kwa baba yake na nguo za mwezi mzima.

Wiki ya sita, simu iliita. Alikuwa mwanamke mwenye duka la kuchonga mihuri na vikombe vya mashindano.

"Shikamoo, mzee. Pole sana. Sijui hata nianzie wapi. Kuna mzigo wa mama hapa kwangu."

Fundi Saa alikwenda kwa miguu. Mchongaji alimfutia kiti vumbi, akamwekea mbele kiboksi. Ndani mlikuwa na medali ya shaba. Upande mmoja ulichongwa mikono miwili, mmoja umeshika sindano, mwingine bisibisi ndogo ya saa. Upande wa pili: 1979–2019.

"Mlikuwa mtimize miaka arobaini ya ndoa mwezi wa pili," mchongaji alisema. "Aliagiza mapema ili usishtukie. Alikuja mara tatu kuukagua mchoro. Mara ya mwisho akaniambia, 'Kucha za mume wangu ni fupi kuliko hizo, rekebisha.'"

Fundi Saa akatazama kucha za kwenye medali. Zilikuwa fupi sawasawa.

"Ukitaka," mchongaji aliendelea taratibu, "hiyo tisa ya mwisho naijaza, nachonga nane. Hutaona hata alama."

"Nipe muda, mwanangu."

Nyumbani aliiweka mezani mbele ya binti yake na kumweleza. Binti aliigeuzageuza, machozi yakimtiririka.

"Mwache abadilishe, baba. Nakujua. Utauona huo mwaka kila siku na utakukera."

"Ikiwa nane itakuwa medali ya kifo. Mama yako hakuagiza ya kifo."

"Basi ibaki ilivyo."

"Ikibaki ilivyo inasema tulifika. Hatukufika."

Binti aliirudisha medali mezani. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Na wewe ulikuwa umepanga kumpa nini?"

Fundi Saa alitazama kabati lake la droo. Mwaka wa reli aliujua. Mwaka wa kampuni ya maji aliujua mpaka siku na mwezi.

"Sikuwa nimekumbuka," alisema, na hapo ndipo kilio kilipomtoka, kilio kikavu cha mtu asiyekizoea, mabega yakimruka. Binti alisogeza kiti, akamshika mkono mpaka alipotulia.

Kesho yake alimpigia mchongaji simu: itabaki vile vile mkewe alivyoiagiza. Wauza sarafu walipomtafuta aliwaambia ameshatosheka, na hakununua tena.

Siku ya kutimiza miaka arobaini ya ndoa alivaa suti, akaenda hospitali, akabisha hodi kwenye chumba cha washonaji. Wanawake wanne walisimamisha cherehani zao. Aliwapa medali, wakapokezana.

"Ndiyo hii!" mmoja alisema. "Mchoro alituonyesha mpaka tukachoka. Shemeji, alituapia kwamba ukiiona utaishiwa maneno."

"Nimeishiwa," Fundi Saa alijibu.

Walimvutia kiti kwenye cherehani ya kona ambayo hakuna aliyekuwa amepewa bado baada ya mkewe. Akakaa hapo mpaka adhuhuri, mikono juu ya magoti, wao wakishona, na hakuna aliyemwambia aondoke.