Korido ya Seremala

Siku seremala alipotoka hospitali baada ya kuwekewa kijibomba cha wavu kwenye mshipa wa moyo, alikuta korido ya nyumba yake imepanuka kwa inchi tisa. Alipima mwenyewe kwa futi kamba. Mkewe, mwanamke mwenye mwili mkubwa, alipita na beseni la nguo bila kugusa ukuta.

"Afadhali," akasema, akaenda kuanika.

Daktari alikuwa ameonya kwamba mshipa unaweza kusinyaa tena, kwa hiyo vidonge visiachwe hata siku moja. Seremala alivimeza kwa miezi minne, kisha akaacha. Alijisikia mzima, na tena yeye mwenyewe akishafunga fremu ya mlango huwa harudi kuitazama. Alidhani mafundi wote, hata wa moyo, wako hivyo.

Mwezi wa sita tangu atoke hospitali, korido ilipungua inchi mbili. Mwezi wa nane mkewe alipita kiubavubavu, akimlaumu mumewe kila hatua. Seremala akarudia vidonge, akapiga simu kliniki. Karani akampa tarehe ya miezi kumi na moja mbele.

Shemeji yake, mwashi, alikuja na nyundo ili abomoe ukuta. Alipogonga mara moja tu, seremala alishika kifua akakaa chini. Shemeji akairudisha nyundo kwenye mfuko, akanywa chai, akaaga.

Asubuhi ya siku ya kliniki, seremala alijibana hadi chumbani kuchukua kadi yake, akashindwa kutoka. Dirisha la chumba lilikuwa dogo, la kupitishia hewa tu. Basi mkewe akaenda badala yake.

"Hawezi kutoka, mwanangu. Korido imembana."

"Pole sana, mama," karani alisema. "Lakini mgonjwa lazima aje mwenyewe. Asipofika, tunampangia tarehe nyingine."

Akaandika ya mwaka unaofuata, kwa mwandiko mzuri, akamwita mwingine.

Tangu hapo mkewe alimsukumia chakula kwa mpini wa fagio. Alasiri aliweka stuli upande wa sebuleni, akachambua mboga huku wakizungumza. Walikuwa wameoana miaka thelathini na mmoja. Seremala aliwahi kusafiri, akakaa hata miezi mitatu kwenye kazi za watu, lakini hamu ya namna hii hakuwahi kuijua. Alitaka kumshika bega, basi. Alinyoosha mkono mpaka kifua kikamuuma, na bado zilibaki hatua tatu.

Nafasi iliyosalia ilikuwa ya vidole vinne. Kupitia hapo aliona jicho moja, nusu ya mdomo, na mkono mmoja wa gauni.

"Tarehe ni lini vile?" aliuliza.

Mkewe akamtajia tena. Seremala akamtazama.

"Mke wangu, hebu sogea. Upande huo nimeuona tangu juzi."

Mkewe akasogeza stuli.