Fundo Chini ya Sikio

Kitu cha kwanza Yasavati alichokiona ni fundo. Watu wa soko la Takshasila waliipokea drakma, sarafu mpya ya fedha, wakaitazama kofia ya mfalme. Yeye aliigeuza upande wa nyuma, penye picha ya mungu wa kike mlinzi wa mji, ushungi wake umefungwa fundo chini ya sikio la kushoto. Mji mzima hakuna aliyefunga hivyo isipokuwa Yasavati mwenyewe, maana bega lake la kulia lilikuwa la kubebea kapu la makaa.

Makaa hayo aliyapeleka karakana ya sarafu, na mlangoni alikuwa akikaa Filisko, mchonga mihuri ya kugongea sarafu. Hawakuwahi kuzungumza. Yeye aliweka kapu chini, Filisko akainua macho, basi. Kabla sarafu hiyo mpya haijaanza kugongwa, jeshi lilivuka milima kwenda kumtafutia mfalme miji mingine, na Filisko akachukuliwa nalo. Theluji ikaja ikayeyuka. Hakurudi.

Leo shangazi yake Yasavati, Bhadra, amemleta kwa sonara ili sarafu zao zitobolewe zishonwe kwenye utaji wa harusi. Bwana harusi ni mwuza ngano, mtu mpole. Njia nzima shangazi alimsifia: ghala lake, punda wake, hata meno yake.

"Huyu bibi harusi ni bubu?" sonara akauliza.

"Aibu tu, mzee wangu. Akishazoea, mumewe ataomba awe bubu."

Wakacheka. Sonara akazitoboa nyingine zote bila shida, kisha akaishika drakma ya Yasavati akaizungusha. Hii picha imejaa hadi ukingoni, alisema, na uso wa mfalme haugusiki. Akaigeuza, akaweka ncha ya msumari juu ya shingo ya mungu wa kike, penye fundo, akainua nyundo.

"Hapo hapana," Yasavati akasema.

Shangazi akamgeukia. "Mwanangu, sasa unataka mfalme atobolewe jicho? Huyo wa nyuma nani atamwona? Si atakuwa amelalia nywele zako?"

Yasavati akanyoosha mkono, akaifunika sarafu kwa kiganja chake chenye weusi wa makaa kwenye mistari. Alihisi msumari ukimchoma, hakuutoa mkono.

"Fundo hili ni langu, shangazi. Filisko alilichonga. Namngoja yeye."