Kumi na Tisa Kati ya Arobaini

"Kumi na tisa," alisema Profesa Bagenda.

Kashindye alisubiri aendelee. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeitwa polisi, vidole vinanuka dagaa ingawa alikuwa amevisugua kwa limau tangu alfajiri. Ofisi ilijaa maboksi. Chuo kilikuwa kimempa profesa wiki moja ahame, na wenzake wa saikolojia, waliokuwa wakimwita Profesa Mizimu akiwa hayupo, sasa walimwita hivyo akiwepo.

"Kumi na tisa ni nyingi au ni kidogo?" aliuliza.

Profesa akamweleza upya, polepole, kama alivyomweleza mwanzoni. Familia zilizofiwa zilikuwa arobaini. Kashindye aliwekwa chumba cha peke yake, bila kumwona mtu wala kumsikia. Alipewa namba tu, naye akasema anachoambiwa kutoka kwa marehemu wa namba hiyo. Baadaye kila familia ikaletewa kurasa mbili, mmoja wenye maneno ya marehemu wao na mwingine wa marehemu wa watu wengine, ikachagua ulio wake. Ukichagua huku umefumba macho utapatia kama ishirini.

Loo! Miezi saba ya kupanda kile kilima cha chuo kwa miguu, padri akimsema kanisani bila kumtaja jina, halafu mtu aliyefumba macho amzidi kwa moja.

Tusidanganyane, hakwenda kule kutafuta sifa. Sifa alikuwa nazo. Kuanzia Igogo hadi Busisi, mtoto mchanga akilia siku tatu na hospitali ikasema haumwi, bibi yake atasema analilia jina, na watampeleka kwa Kashindye. Yeye huinamisha sikio karibu na utosi wa mtoto, akasikiliza, akamtaja mzee wa ukoo anayetaka kurithiwa. Watoto wangapi wanakwenda shule leo na majina aliyowapa yeye, hata yeye hajui idadi yao. Na hatozi kitu. Anaishi kwa kuanika dagaa.

Alichokwenda kutafuta ni kingine. Anayemtajia majina hayo ni Gladness, binti yake wa pekee, aliyefariki akijifungua kule Nansio miaka tisa iliyopita. Tangu wiki ya msiba humsikia kila asubuhi akiwa anageuza dagaa. Wanapiga soga, wanateta majirani, wanacheka, na wapita njia humwona mama mtu mzima anaongea na mawe. Angemuuliza padri, padri angesema ni shetani. Angewauliza waganga, wangesema ndiye, lete kuku. Profesa Bagenda peke yake ndiye aliyemwambia, "Sijui, mama. Tupime." Mhaya, tena profesa, kusema hajui! Kashindye alimwamini kwa neno hilo moja.

"Nikwambie kitu ambacho hakimo kwenye ripoti," alisema profesa. Alikuwa amevua miwani. "Namba ishirini na saba nilikuwa mimi. Niliandika jina la mke wangu, Jovina. Nikaletewa kurasa mbili kama wengine. Mmoja ulinitoa machozi, mama. Kila neno lilikuwa la Jovina. Nikauchagua huo."

"Halafu?"

"Ulikuwa wa muuza mkaa wa Magu."

Kashindye alitazama mikono yake.

"Profesa, sauti iliyoniambia habari za wale arobaini ni ya binti yangu. Sina nyingine."

"Najua."

"Basi yule siye."

Profesa alikuwa mtu mkweli, na siku ile Kashindye angetoa chochote awe mwongo.

"Sijui, mama," alisema, na safari hii hakusema wapime.

Nyumbani alikuta wageni. Bikizee mmoja kutoka Busisi alikuwa amevuka daraja na mkwe wake, Sabina, na mjukuu wa kiume wa wiki mbili aliyekuwa amelia hadi sauti imekauka. Walikuwa wamepita hospitali, cheti hiki hapa. Kashindye hakuwa na moyo wa kazi ile, lakini utamfukuzaje mama mwenye mtoto anayelia? Akampokea, akainamisha sikio.

Gladness hakukawia. Malimi, alisema, wazi kabisa, kwa sauti ileile.

"Mayala," Kashindye akawaambia.

Lilikuwa jina la fundi baiskeli wa pale kona, aliyempita muda si mrefu. Alilitaja makusudi; mbali na Malimi hakuwa na lingine kichwani. Akamtazama mtoto, na Mungu amsamehe, akaomba kwa moyo wake wote alikatae jina la uongo, aendelee kulia. Alie hadi jioni, alie wamrudishe kesho, wamtukane yeye Kashindye.

Mtoto akapiga miayo, akanyamaza. Kabla mama yake hajamfunika vizuri alikuwa amelala.

Bikizee aliketi chini palepale, machozi yakimtoka. Mayala alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, alizama ziwani akiwa kijana, hakuacha hata mtoto. Wamemsahauje? Alimshika Kashindye mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, akasema waliomwambia habari za binti yake Gladness hawakukosea, yule anaona. Kashindye aliwasindikiza hadi njiani. Kisha alirudi ndani akakaa kitandani na viatu miguuni, na hakupika.

Asubuhi alitandaza wavu juu ya miamba kama kawaida, akamwaga dagaa, akaanza kuwatawanya kwa viganja. Ziwa lilikuwa limetulia.

"Shikamoo, mama."

Aliendelea kutawanya. Sauti ilisubiri. Katika miaka tisa haikuwahi kuisubiri marahaba muda mrefu namna ile.

"Shikamoo, mama," ilirudia, chini zaidi, ikidhani labda hakusikia.

Kashindye akachukua beseni lake, akahamia upande wa pili wa wavu.