Shimo Shambani kwa Shemeji

Nilichimba shimo lile kwa hasira, siyo kwa akili. Waliokuja baadaye kunisifia kwamba nina kichwa cha mhandisi niliwaacha wasifie, maana sifa hazijazi tumbo lakini pia haziumi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefura.

Mfereji wetu ni wa saruji, ulijengwa kabla sijazaliwa, na umechoka. Unaanzia mtoni, unapita mashamba ya juu, kisha ya kati, unaishia kwetu mkiani. Zamani maji yalitufikia yakikimbia. Baadaye yakawa yanatambaa, na misimu miwili iliyopita hayakufika kabisa. Vitunguu vyangu vilikauka vikiwa na ukubwa wa kifungo cha shati. Kaka yangu, ambaye tulirithi naye shamba hilo kwa mama, akakata tamaa.

"Dada, tunalima vumbi," akaniambia. "Nimepata mnunuzi. Maji yasipofika msimu huu, tunauza."

Nilikubali, lakini moyo uliniuma kama jino bovu. Kila tuta la shamba lile mama alilipiga kwa mikono yake.

Fundi wa mifereji akaja. Akatembea ukingoni akigonga nyufa kwa kijiti, akataja bei ya saruji, ya kokoto, ya lango jipya la chuma, na ya jasho lake. Watu wakaguna. Alisema akipewa nusu kufikia Ijumaa, Jumatatu anaanza. La sivyo ana kazi nyingine inamsubiri, na kwetu hatarudi mpaka msimu upite.

Tukakutana ghalani, kati ya magunia. Sisi wa mkiani tulikuwa tayari kutoa. Wa juu wakaanza kutazama dari kana kwamba ndiyo inayovuja. Msemaji wao ni shemeji yangu, mume wa dada mkubwa. Tunamwita Bwana Lango, kwa sababu shamba lake ni la kwanza na kila tone linampitia yeye.

"Utaratibu wetu unajulikana," akasema. "Kila mtu na kipande chake. Mfereji unaopita kwangu nautunza mimi. Wa kwenu utunzeni ninyi."

"Shemeji, kipande chetu hakina hata ufa mmoja," nikasema. "Kitapasukaje na maji hakiyajui?"

Watu wakacheka, naye akacheka. "Basi shukuruni, hamna gharama!"

Utaratibu huo ni wa tangu babu zetu. Kila mwenye shamba huziba nyufa zake kwa udongo wa mfinyanzi, maji yakahamia ufa unaofuata, na jirani naye akaziba wake. Wenye maji ya kutosha hata hawakujisumbua kuziba. Hakuna aliyewahi kuuliza maji yanayopotea yanakwenda wapi. Mimi pia sikuuliza, nisijifanye.

Kikao kilivunjika bila hata senti. Alhamisi asubuhi nikabeba ndoo, nikaenda kwa dada kumlilia anipe maji. Kabla sijafika mlangoni nikamkuta shemeji amesimama katikati ya mahindi yake, mfuko wa mbolea begani. Mahindi yenyewe yalikuwa ya manjano na yamedumaa.

"Mbolea za siku hizi ni za uongo mtupu," akalalamika. "Mwaka wa nne huu naongeza, na mahindi yanazidi kuugua."

Damu ikanichemka. Maji yote ni yake, na bado analia!

"Nipe hilo koleo," nikasema. "Kama maji hunipi, nabeba udongo wako. Angalau una unyevu."

"Beba, shemeji. Ukichoka niite nikutwishe."

Nikachimba. Nilijaza ndoo, nikaimwaga, nikachimba tena kwa hasira tu. Shimo lilipofika magotini, maji yakaanza kupanda kutoka chini. Yakajaa taratibu, machafu, yakinuka uvundo. Mzizi wa mahindi nilioung'oa ulikuwa mweusi, ukasagika vidoleni.

Shemeji akatua mfuko. "Umekata bomba?"

"Hapa kuna bomba, shemeji?"

Dada alikuwa ametoka jikoni aliposikia kelele. Akachungulia shimoni, akamtazama mumewe. "Mume wangu, mahindi yako hayana njaa," akasema. "Yanazama."

Niliona uso wa shemeji ukibadilika, na sitasema uongo, nilifurahi. Miaka minne amenunua mbolea ya kutibu maji! Na maji yenyewe yalikuwa yetu, yamelala chini ya shamba lake yakimwozeshea mizizi.

Shemeji alichukua koleo, akavuka kwa jirani yake, akachimba. Maji. Akaenda kwa wa tatu. Maji. Kufikia saa sita mashimo yalikuwa manane, na wanaume wa juu wameyazunguka, mikono kiunoni.

"Ninyi mnaoza, sisi tunakauka," nikawaambia. "Na ni ufa uleule."

Ijumaa ghalani shemeji alisimama kabla ya yeyote. Alikuwa amerudisha dukani mifuko yote ya mbolea aliyokuwa hajaifungua, na pesa yake akaiweka mezani mbele ya fundi. "Nilisema kila mtu na kipande chake," akasema. "Nilikosea. Mfereji ni mmoja, na tunalipa pamoja." Wa juu wakapanga foleni nyuma yake. Fundi alitaka nusu, akaondoka na zaidi ya nusu.

Wiki ya nne lango jipya likafunguliwa. Kaka alikuwa amemleta mnunuzi siku hiyohiyo, na wote wawili walisimama shambani kwetu wakipima mipaka kwa macho. Tukasikia vigelegele kutoka juu. Kisha maji yakaja, yakisukuma vumbi na majani makavu mbele yake, na dada yangu anakimbia ukingoni sambamba nayo, kanga mkononi, anapiga kelele kama msichana. Nililia waziwazi.

Mnunuzi aliyatazama maji, akakohoa. "Naongeza bei," akasema. "Mara mbili."

Kaka alishavua viatu, suruali ameikunja, anafungua mtaro wetu kwa jembe. "Bei ya nini?" akauliza bila kuinua kichwa. Kisha akanigeukia mimi. "Dada, unalia nini? Lete miche!"