Mashine ya Vyombo Haijafa

Barua ilisomwa Jumatatu saa nne asubuhi, kwenye baraza ya jikoni, na ilianza na jina lake lote: Mwanahawa binti Mabruki. Hata baba wa watu, aliyelala kaburini Kanyenye miaka kumi na minane, hakuachwa apumzike. Barua ilisema kwamba ndugu huyo, mtumishi wa nyumba ya meneja, kwa uzembe wake ameiua mashine ya kuoshea vyombo, ambayo ni mali ya umma, na kwa hiyo ataachishwa kazi mwisho wa juma. Nakala yake ilikwisha kubandikwa ubaoni kiwandani, ili kila mkamua karanga ajue adui wa taifa anafananaje.

Aliyeisoma ndiye aliyeiandika, Ndugu Justus Raymundi, meneja mpya, kijana wa miaka thelathini na mbili aliyehamia mtaa wa Chemchem hapa Tabora na masanduku mawili, mke mmoja na shahada moja. Hiyo shahada alikuwa anaitaja mara nyingi kuliko mke.

Bi Mwanahawa alikuwa akimenya viazi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kisu chini, akajifunga kanga upya kiunoni. Waliokuwepo walimtazama kama atalia. Alikuwepo Bertila, mke wa meneja, macho sakafuni. Alikuwepo Koleta, mpishi wa nyumba ya jirani, aliyekuja kuazima chumvi na kusahau kuondoka. Na alikuwepo mzee Yahaya, balozi wa nyumba kumi, aliyeitwa awe shahidi wa hasara ya umma.

"Imekufa?" akauliza Bi Mwanahawa. "Nani kasema?"

"Fundi," akajibu Justus.

Fundi Marko wa kiwandani, aliyesimama nyuma yake, akajikohoza. "Mota imeungua, mama. Nimeisikiliza mwenyewe."

"Umeisikiliza. Umeifungua?"

"Niifungue ya nini, na nimeshajua?"

Damu ikamchemka Bi Mwanahawa. Miaka kumi na miwili alikuwa katika jiko lile, na minne kati ya hiyo alikuwa na mashine ile. Iliagizwa na Mzungu aliyekuwa na kiwanda zamani, na mkewe aliiogopa tangu siku ya kwanza ilipoanza kunguruma. Kiwanda kilipochukuliwa na wananchi, Mzungu alifungasha mpaka mapazia, lakini mashine akaiacha. Kanyenye nzima walijua habari zake: sanduku la bati linalomeza sahani chafu na kuzirudisha safi, zina moto. Wengine waliapa kwamba Bi Mwanahawa anatia chumvi.

Na aliyeitunza ni nani? Kila Jumamosi alipiga magoti, akatoa chujio la chini, akalisugua kwa mswaki mkuukuu. Ile mikono miwili inayozunguka na kurusha maji aliichomoa, akaizibua matundu yake kwa njiti ya ufagio, moja moja. Maji ya Tabora yanaacha ukoko mweupe, kila mwenye birika anajua, basi mara moja kwa mwezi aliiendesha tupu na kikombe cha siki ndani. Mpira wa mlango aliufuta kama mtu anavyofuta masikio ya mtoto. Miaka minne, haikuwahi kulala hata siku moja. Amekwenda kwao siku nne tu kula Idi, karudi, anaambiwa ameiua!

"Nitaifungua mimi," akasema.

"Usiiguse!" Justus akasimama mlangoni. "Wewe umeshaachishwa kazi."

"Barua yako inasema mwisho wa juma. Leo Jumatatu. Mpaka Jumamosi mimi ndiye mfanyakazi wa jiko hili, na wewe umenizibia njia."

Koleta akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Balozi Yahaya akamshika Justus mkono taratibu. "Mwache afungue, mwanangu. Kama imekufa, haitakufa mara ya pili."

Bi Mwanahawa akawasha swichi. Mashine ikatoa sauti nzito, mmm, ikashindwa kuendelea. Akazima haraka, akachomoa na waya ukutani.

"Koleta, njoo unuse. Kuna harufu ya kuungua?"

Koleta akanusa kwa bidii, kichwa chote ndani. "Hakuna. Kuna harufu ya chakula kilichochacha."

"Mota iliyoungua inanuka mpaka barabarani. Hii nzima. Kuna kitu kimeikaba."

Akapiga magoti. Akateka kwa kopo maji machafu yaliyotuama chini, akavuta rafu ya vyombo, akaingiza mkono mpaka begani. Mkono wa kurushia maji ulikuwa umechomoka mahali pake, umelala upande. Akautoa. Kisha akazungusha chujio, akalinyanyua, akalimwaga juu ya gazeti ili wote waone.

Wali. Punje za wali zilizovimba, karafuu nzima, maganda ya iliki, vipande vidogo vya mifupa ya mbuzi.

"Pilau!" Fundi Marko alipiga makofi. "Ndugu Meneja, si umeona? Nyumba hii nani anapika pilau? Ni yake huyu! Kaleta vyombo vya kwake kuoshea kwenye mashine ya umma!"

Bi Mwanahawa akainama juu ya gazeti. Marko alisema kweli. Ile pilau aliijua, karafuu zile alizitia kwa mkono wake. Angeweza kukunja gazeti lile haraka, akasema ni uchafu tu, na nani angembishia? Lakini babu yake alibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka Bagamoyo na kurudi, kwa miguu, na hakuwahi kuficha kilichomo ndani ya mzigo. Akalitandaza gazeti vizuri zaidi.

"Pilau ni yangu," akasema. "Nimeipika mimi siku ya Idi, nikaijaza sinia, nikaileta hapa mwenyewe kama ninavyoleta kila mwaka. Sinia lilibaki humu. Mimi sikurudi mpaka jana. Sasa nauliza, na nataka jibu: nani aliliosha sinia langu?"

Justus alikuwa anaitazama barua yake kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Sinia la watu halirudishwi chafu," akasema Bertila, kwa sauti ndogo. "Mama yangu alinifundisha hivyo, huko kwetu Puge. Nilitaka kuliosha kwa mkono."

"Bertila," akasema Justus.

"Niache niseme! Wewe ukasema tuna mashine, kusugua kwa mkono ni ushamba. Nikakwambia sinia ni pana, haliingii. Ukalilaza chini, na mabaki yake, ukasukuma kwa goti mpaka mlango ukafunga. Likatoka na pilau yake vilevile. Nililisugua kwa jivu, nikalirudisha. Mashine haijafanya kazi tena tangu siku ile, na wewe unajua."

Bi Mwanahawa hakumtazama Justus. Aliona kwanza amalize kazi. "Fundi, niazime koleo lako."

Marko akampa. Bi Mwanahawa akaliingiza kwenye kishimo kilichokuwa chini ya chujio, pale maji yanaponyonywa, akavuta, likateleza, akavuta tena. Kikatoka kijiti cha mdalasini, kirefu kama kidole. Akakiweka juu ya gazeti pamoja na vingine. Akasuuza chujio bombani, akalirudisha, akapachika mkono wa maji, akauzungusha kwa kidole aone kama unapita bila kugusa kitu. Akapanga sahani sita za asubuhi, zilizokwisha kukwanguliwa mabaki, akafunga mlango, akachomeka waya.

Mashine ikanguruma, kisha maji yakaanza kupiga ndani, shwaa, shwaa. Koleta akapiga kigelegele. Walisubiri wote mpaka ikamaliza. Sahani zilipotoka zilikuwa zinafuka mvuke, na balozi aliyeshika moja aliirudisha upesi akipuliza vidole.

"Basi," akasema Justus, akijaribu kutabasamu. "Yaishe. Barua hii naichana."

"Usiichane!"

Kila mtu alishtuka, hata Bi Mwanahawa mwenyewe, maana hakuwahi kupaza sauti katika jiko lile. Akainama, akalichomoa tena chujio, likiwa bado na joto, akampa balozi Yahaya.

"Mzee wangu, kaa nalo. Ni mali ya umma, na wewe ndiye umma uliopo hapa. Mashine hii haitaosha kijiko mpaka niandikiwe barua nyingine. Ile umenisomea mbele za watu, Ndugu Justus, ukaibandika kiwandani. Umenipaka matope mimi na baba yangu. Na hii isomwe hapahapa, ibandikwe palepale."

Justus alimtazama balozi. Balozi alikuwa amekwisha kulifunga chujio katika leso yake.

Justus akaandika, akiegemea meza ya viazi. Akasoma kwa haraka: "Kumetokea kutoelewana kidogo kuhusu mashine..."

"Sivyo. Jina langu uliliandika lote. La kwako liko wapi?"

Bertila akasukuma karatasi mpya mbele ya mumewe. Kalamu ilikwaruza muda mrefu. Safari hii alisoma polepole, masikio yamemwiva: kwamba yeye, Justus mwana wa Raymundi, ndiye aliyelazimisha sinia ndani ya mashine, kwamba Mwanahawa binti Mabruki hakuharibu kitu, bali ndiye aliyeitengeneza.

"Asante," akasema Bi Mwanahawa. Macho yalimlowa, na hakuyafuta. "Hiyo ndiyo kweli."

"Sasa rudishia chujio, mama, tafadhali," akasema Justus. "Kuna vyombo vya mchana."

Bi Mwanahawa akalichukua kwa balozi, akaifungua leso, akamnyooshea Justus.

"Rudishia wewe. Siku nikienda tena kwetu nataka pawe na mtu mwingine hapa anayeijua. Ila ukisimama hutaliweza, liko chini kabisa."

Justus alilishika chujio, akaangalia sakafu iliyojaa maji na punje za wali, akawaangalia watu wote mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyejisogeza. Akavuta suruali yake magotini, akapiga magoti.