Blanketi la Silvana

Barua ilisema kwamba Silvana atatunukiwa blanketi mbele ya wananchi, kwa kumzuia dereva mlevi asiwaue watu ishirini. Alisomewa mara mbili, na mara zote mbili akanusa mtego.

Serikali gani ikupe blanketi bure? Tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, hakuna aliyeitwa na wakubwa akarudi anacheka. Tena Leonsi, dereva wa lori la dagaa kutoka Kipili, alilewea kwake Silvana. Pombe ya ulezi, saa nne asubuhi, na amri ilikuwa wazi: hakuna kuuza kabla ya saa kumi jioni. Mjane mwenzake aliyekamatwa mwezi uliopita alivunjiwa mitungi yote, akanyang'anywa na kibali. Bila kibali, Silvana angekula nini?

Kumzuia, alimzuia kweli. Alipomwona Leonsi anaukosa hata mlango wa lori, na abiria wamekwisha kupanda juu ya magunia, alichomoa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini, maana betri ilikufa zamani, akaikalia. Leonsi akatukana, akalia, akalala. Ajabu ni kwamba hakuna mkubwa aliyeuliza alilewea wapi. Wasiulize? Basi wanajua!

"Ni wewe umenichongea," alimwambia mzee Evaristi, balozi wa nyumba kumi, aliyeileta barua.

"Mimi nimeandika taarifa tu, mama. Nenda kapokee, usiseme mengi."

Usiseme mengi! Kikulacho ki nguoni mwako, Silvana aliwaza, na usiku ule hakula.

Siku ya siku uwanja wa shule ulifurika. Katibu tarafa, Ndugu Anyitike, Mnyakyusa mwenye miwani, alimsifu mpaka Silvana akajua anavikwa kilemba cha ukoka. Akamwekea blanketi mabegani. Mgambo wawili walisimama nyuma ya meza kama kila mkutano, lakini leo aliwaona wanamtazama yeye tu.

"Hebu tueleze, mama. Ulijuaje kwamba dereva amelewa?"

Haya, ndilo hilo. Silvana aliona heri ajiumbue mwenyewe kuliko kuumbuliwa.

"Ndugu Katibu, tusizungushane. Mnajua nyote. Alinywea kwangu, nilimmiminia kwa mkono huu, saa nne asubuhi. Kama ni mitungi, njooni mvunje."

Anyitike alivua miwani. Hakukasirika, aliduwaa. Akaivuta taarifa mezani, akaisoma upya, na alipoinua kichwa hakumtazama Silvana.

"Balozi Evaristi, umeniandikia, ukatia na sahihi, kwamba dereva alikuja amelewa tangu Kipili."

Mzee Evaristi alisimama taratibu, kofia mkononi. Mgambo walimwendea yeye kwanza. Silvana alitaka kupiga kelele kwamba mzee wa watu hana kosa, alikuwa anamsitiri yeye tu, lakini nani angemsikiliza tena? Alikwisha kusema.